Kilo Arobaini na Nne Kitandani

Assalaam alaykum Bi Mwanapili,

Nakusoma gazetini kila wiki na sikuwahi kudhani iko siku nitakuandikia mie, lakini nimefika pahala siwezi kumwambia mke wangu wala shehe wa msikitini, na wewe angalau hunijui uso.

Mie ni fundi wa redio na simu hapa Chake Chake, na kwa mapenzi yangu hutengeneza vyombo vyangu mwenyewe, kwa ile bodi ndogo kama kiberiti yenye chipu unayoiandikia programu kwenye kompyuta, kisha ikafanya unachoiamuru. Mwaka jana mama yetu, Bi Khairat, alidhoofika, na alikataa katakata kuhama nyumba yake Wambaa, basi nikatoa vipimo vya uzito kwenye mizani mbovu nikavifunga chini ya miguu ya kitanda chake, nikaviunga na bodi na laini ya simu, akiinuka asubuhi sote watoto tunapata ujumbe "Mama kaamka", na mchana akijilaza simu yangu peke yake inapata "Kitandani, kilo 44". Dada yangu Kauthar, aliyeko Dar es Salaam, alilia kwa furaha. Shemeji yangu Suhaila, mjane wa marehemu kaka yetu Duni, ndiye aliyekuwa akimhudumia mama na kumchungulia kila alfajiri, nikamwambia asijisumbue tena, aje saa tatu akishamaliza kazi zake, chombo kinatosha.

Hakikutosha. Hewa ya chumvi ilikula nyaya, na umande wa alfajiri ukizidi, mara ujumbe hauji, mara unakuja saa nane ya usiku, Kauthar ananipigia roho juu, nami badala ya kwenda kubadilisha nyaya nikaongeza mstari mmoja tu kwenye programu: kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuma "Mama kaamka". Awe ameamka, asiwe ameamka. Nilijiambia nitarekebisha Ijumaa, zikapita Ijumaa saba.

Siku ile ujumbe ulifika kwa wakati wake. Saa tatu Suhaila akaingia, akamkuta mama wa baridi, amekakamaa. Kauthar aliteremka na ndege ya mchana, akainua simu yake mbele ya watu wote uani: "Alfajiri mama alikuwa mzima, ushahidi huu hapa! Wewe Suhaila ulikuwa wapi mama yangu akikuita?"

"Wallahi wifi, nimekuja saa zangu," Suhaila akasema.

Hakuruhusiwa hata kumwosha. Na mie nilisimama pale, Bi Mwanapili, nikitazama viatu vyangu, na jioni baada ya maziko nikaufuta ule mstari.

Tulikubaliana chumba kisiguswe mpaka arobaini, nikatia kufuli mlango wa mbele, ufunguo ninao mfukoni. Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, niko dukani nalehemu spika, simu ikalia. "Kitandani, kilo 44." Siku ya nane, 44. Siku ya tisa, 44. Ya kumi ikaja 50, nikasema chombo kimeharibika, lakini ikafuata 49, kisha 48, kila baada ya siku mbili tatu inapungua kilo moja, saa ileile, kwa muda wa nusu saa hivi, kisha kimya. Siku ya ishirini nilikwenda asubuhi. Kufuli liko vilevile, ndani kumejaa harufu ya mafuta ya nazi, na kwenye godoro pana bonde la mtu mdogo aliyejikunja ubavu wa kulia, kama alivyokuwa akilala mama. Nilitoka mbio bila viatu.

Jana imeandika 45. Nahisi inashuka kuitafuta 44, na ikifika sijui litatokea nini. Nikivunje chombo? Au mama ananidai nini?

Msellem

*

Wa alaykum salaam, Msellem.

Wasomaji wajue kwamba majina nimeyabadilisha, na kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake gazetini. Namba ya simu ilikuwa nyuma ya bahasha. Nilikupigia siku ileile niliyoifungua, na unakumbuka nilikuuliza mambo mawili. Nyumba ya mama ina mlango wa uani? Ukasema upo. Ufunguo wake anao nani? Ukasema, Suhaila.

Nakuhurumia, maana umefiwa, na mtu aliyefiwa na mzazi huku ana siri kifuani halali usingizi. Lakini pia nimekukasirikia. Umenieleza nyaya, umande na mizani, na tangu siku ya maziko hukuniandikia hata neno moja kuhusu Suhaila yuko wapi, anakula nini, anazungumza na nani. Fundi mzima unapokea namba kila siku na huisomi! Maiti hakondi, Msellem. Anayekonda ni mtu aliye hai ambaye chakula kimemshinda.

Nilikwambia umchukue mkeo Nusaiba, usiende peke yako kwa shemejio, umpigie Kauthar kwanza umweleze kila kitu, kisha alasiri, saa ileile ya ujumbe, ubishe hodi mlango wa uani wa nyumba ya mama na ungoje ukaribishwe kama mgeni. Ulifanya, na kwa hilo nakushukuru. Usiku ule ulinisimulia: Suhaila alikuwa kitandani kwa mama, kajifunika kanga ya mama mpaka kichwani, mifupa ya mabega imetoka. Alidhani mmekuja kumfukuza. "Niwie radhi shemeji," akasema, "nakuja kumwomba mama msamaha, nyumbani kwangu sisikilizani na nafsi yangu."

Ukamwambia habari ya mstari ule. Akaishusha kanga kutoka kichwani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama hakuniita?"

"Hakuita, shemeji. Alikuwa keshafariki tangu usiku."

Akaomba maji ya kunywa.

Sasa yuko hospitali na uji unapita, alhamdulillahi. Lakini amekwambia, na umenikariria mara mbili kwenye simu, kwamba siku ya kwanza kuingia chumbani mle ilikuwa ya kumi. Kabla ya hapo alikuwa amejifungia kwake. Zile alasiri tatu za kilo 44 si zake. Unasema huenda chipu ilihifadhi namba ya mwisho ikairudia yenyewe. Huenda. Nilikusikia ukilisema hilo haraka haraka. Mimi chipu siijui, na siku tatu hizo siwezi kukufafanulia, ila nakukataza kuzitumia kama pazia. Lililokuwa lako kulitenda lilikuwa wazi tangu kabla ya simu kulia.

Basi sikiliza. Chombo usikivunje. Kifungue kwa mikono yako mwenyewe, mchana, Kauthar akiona, na hicho kitanda umuulize Suhaila kama anakitaka kabla hujamuuliza mwengine yeyote. Kauthar alimlaumu mbele ya watu, kwa hiyo kumwomba radhi chumbani kwa minong'ono hakutoshi. Arobaini ni wiki ijayo na watu walewale watakuja. Dua ikishasomwa, kabla sahani hazijaletwa, usimame wewe kwanza, dada yako baada yako. Usiseme mitambo ina hitilafu zake. Usiseme umande. Sema, "Nilidanganya, na nilipomwona shemeji yangu akidhalilishwa nilinyamaza," kisha ukae chini, uwaache watu wakutazame.