Ng'ombe Wanne wa Unga na Mbuzi Mmoja

Jumapili, asubuhi. Mvua ya mawe inapiga migomba tangu alfajiri, na mimi nimelala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima.

Sijatubu. Naandika hivyo mwanzoni nisije nikajidanganya mwishoni.

Ng'ombe wale ni wangu. Niliwabuni mimi, jikoni mwangu, siku binti yangu Nyaboke alipokataa kula kwa sababu ya mafua. Vikombe vinne vya unga wa ngano, ndizi mbivu tatu zilizopondwa, samli kijiko, sukari kidogo, maziwa ya kushikanisha. Unamfinyanga ng'ombe amelala, maana akisimama miguu huvunjika. Pembe ni mbegu mbili za malenge. Unawapanga ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Vikombe vinne hutoa ng'ombe ishirini na wanne, hakuna zaidi. Watoto huwajengea boma kwa vijiti vya muwa, wakaposana kwa ng'ombe hao, wakabishania mahari kama wazee, kisha wakala mahari yote na boma lenyewe wakalitafuna.

Ufundi wa kuoka sikufundishwa na mtu. Niliupata mjini Kisii, jikoni kwa Bi Zuhura, miaka ile waume wetu walipokuwa vitani. Nilikuwa naosha masufuria yake huku jicho liko kwenye mikono yake. Nilichonacho nimekiokota mwenyewe.

Ndiyo maana Bosibori aliniuma.

Bosibori, mama Ombati, ni mke wa shemeji yangu. Tumetenganishwa na ua mmoja tu. Alikuja kuomba moto, akakaa mpaka ng'ombe wakaiva, kaa lake likamzimikia kwenye kigae. Wiki iliyofuata, kwenye karamu ya watoto kanisani, akafungua kikapu. Ng'ombe. Mke wa mzee wa kanisa akamsifu mbele ya wote, akasema Bosibori ndiye atakayewaandalia watoto vitafunio siku za makambi, makanisa yote yakikusanyika. Nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ng'ombe wale ni wangu.

"Mama Nyaboke," akasema Bosibori, "wewe ng'ombe umewajulia wapi? Si uliolewa kwa wanne na mbuzi mmoja?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Yeye aliolewa kwa kumi na wawili, na kila anayepita njia hii ameshaambiwa.

Nilitabasamu. Nikaenda nyumbani kusubiri.

Maana kitu kimoja hakukiona. Ng'ombe wangu wana madoa. Wake walikuwa weupe watupu kama wagonjwa. Madoa nayapaka mwisho, kwa unyoya wa kuku, kwa sukari niliyoiunguza ikawa nyeusi nikaizimua kwa maji. Alhamisi akaja, mpole, kabeba kichana cha ndizi.

"Dada Kemunto, yale madoa unayapataje?"

"Majani ya chai," nikamwambia. "Chemsha mpaka yawe kama wino."

Akatazama mlangoni. Kanisani kwetu chai ni mwiko, ingawa mimi naijua harufu inayotoka nyumbani kwake kila asubuhi, na yeye anaijua ya kwangu.

"Nani atajua?" akasema.

"Nani atajua," nikasema.

Jana ilikuwa Sabato. Siku hiyo hatuwashi moto, kwa hiyo alioka Ijumaa jioni akikimbizana na jua, na hakuchuja chai yake vizuri. Nilijua hatachuja. Mtu wa haraka hachuji. Watoto wa kanisa letu, waliokuwa waonje kabla ya makambi, walikuwa arobaini na wawili, ng'ombe themanini na wanne, wawili kwa kila mtoto. Kabla hawajagawiwa nikauliza, kwa upole wa mtu anayetaka kujifunza:

"Mama Ombati, madoa mazuri haya umepaka nini?"

"Rangi tu," akasema.

Mke wa mzee wa kanisa akamwinua ng'ombe mmoja, akabandua kitu mgongoni kwa ukucha, akakinusa.

"Hili ni jani la chai," akasema. "Umewapikia watoto chai?"

"Kemunto ndiye aliyeniambia!"

Wote wakanigeukia.

"Mimi?" nikasema. "Mimi ng'ombe nimewajulia wapi?"

Yule aliyeshika ubavu siku ile akaushika tena.

Kikapu kikafunikwa. Watoto wakakitazama kikitoka mlangoni, Nyaboke akiwa mmoja wao, na hapo niliumia. Robo. Robo tatu zilizobaki nilifurahi, na daftari langu sitalidanganya.

Sasa vitafunio vya makambi ni vyangu. Watoto mia moja na ishirini, ng'ombe mia mbili na arobaini, vikombe arobaini vya unga. Lakini mke wa mzee wa kanisa si mjinga. Hataki tena madoa asiyoyajua. Nitapika Ijumaa mchana, uwanjani, wanawake wote wakitazama, kuanzia unga mpaka unyoya. Siri yangu ya sukari itakuwa ya kila jiko kutoka Keumbu mpaka Nyamira. Na Bosibori ataketi mbele kabisa, namjua, na macho yake ya mwewe.

Hilo sikulipigia hesabu.

Basi na atazame. Kabla ya kugusa unga wa watoto, nitafinyanga ng'ombe wanne na mbuzi mmoja. Nitawapa madoa mazuri kuliko yote, niwapange kwenye sahani, nimkabidhi Bosibori mkononi mbele ya watu, nimwambie, "Karibu, mama Ombati, hawa ni wako."

Ninachotafuta sasa ni kitu cha kumtilia mbuzi ndevu.