Jina Lililomnyamazisha Naomi

Wodi ya watoto,
Musoma.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu bado inavimba? Na mihogo hapo Butiama, ng'ombe hawajaiingilia tena? Mimi mwili mzima, ila usingizi sina. Baba Naomi amebaki Nyasura na pamba, anakusalimu.

Mama, mjukuu wako bado anachoka akinyonya, midomo inageuka bluu. Amekuja daktari wa moyo kutoka Mwanza, kesho anaondoka. Anapaka jeli kifuani, anapitisha kidude, damu inasikika ikivuma na mistari inajichora kwenye skrini. Alinieleza kwamba anatafuta moyo unasukuma damu kiasi gani. Ikitosha, dawa, isipotosha, apasuliwe haraka. Lakini Naomi analiaga tangu azaliwe, unajua. Akilia mistari inavurugika, namba zinaruka, mara damu inatosha, mara haitoshi kabisa. Daktari akasema ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga. Kupasua kwa kubahatisha hawezi, na dawa ya usingizi anaiogopa kwa kifua kile.

Gaudensia wa kitanda cha jirani akanitania kwamba kwaya imemkosa mwanangu. Kisha akauliza taratibu kama nimempa jina la nyumbani. Nikasema bado. Akanishangaa, maana mtoto asiyenyamaza anataka marehemu wake atajwe.

Leo kwenye kipimo nikaanza kumnong'oneza. Nikamtaja bibi Rhobi, akalia. Shangazi Ghati, akazidi. Daktari alikuwa ameshaanza kufuta jeli. Nisamehe, mama. Likabaki lile ulilokataza tangu tulipomzika dada. Nikasema Wankyo.

Akanyamaza, akawa ananitazama tu. Daktari akarudisha kidude, akakusanya mapigo mengi, yaliyovurugika akayatupa, yaliyobaki akayapigia wastani. Damu haitoshi. Kesho tunaondoka naye kwenda Mwanza, mtoto apasuliwe.

Daktari akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua hivi. Nikamweleza Wankyo alivyokuwaga anachuchumaa njiani tukitoka kisimani, avute pumzi, nasi tukimwita mvivu. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema watoto wenye moyo kama huu ndivyo wanavyofanya. Hakuwa mvivu, mama, wala hakurogwa kama watu walivyosema.

Ningepiga simu, ila jina hili nisingeweza kukutamkia. Barua anakuletea mume wa Gaudensia. Tafadhali njoo Mwanza. Akitoka kupasuliwa atalia, na mimi ninaamini atalia. Nataka safari hii umwite wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao Flora,
Mama Wankyo