Karatasi ya Utabiri Dukani kwa Matar

Temeke Mikoroshini,
S.L.P. 20418,
Dar es Salaam.
9 Machi 1975.

Mpendwa Kaka Leonardi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Adelina, mwanangu, msomee baba yako polepole, wala usiruke mahali. Waendeleaje, kaka? Goti limepoa? Nasikia mmehamia kijiji kipya kule barabarani. Je, umeshaizoea njia ya kwenda kisimani, au bado unashikwa mkono? Sisi huku hatujambo kwa miili. Mvua zimeanza, unga ni ule wa njano wa foleni, na vinyago vyangu vinatoka kidogo kidogo.

Ligi yetu ya vitongoji, daraja la pili, inafunguliwa Jumapili ijayo, na mtaani hakuna mazungumzo mengine. Kabla ya ligi, kila mnywa kahawa wa dukani kwa Matar huandika timu zote sita, ya kwanza hadi ya mwisho, na sababu kando ya kila moja. Matar huzibandika karatasi ukutani kwa uji wa muhogo, na hakuna kubandua mpaka mechi ya mwisho. Mwaka jana mimi peke yangu nilipatia zote sita. Safari hii watu walikuwa wakinisubiri, nami kichwa kikanivimba.

Ya kwanza nimeweka Gongo la Mboto. Wale vijana wanakimbia alfajiri pamoja na askari, hawajui kuchoka. Ya pili Kiwalani, maana winga wao wa kushoto anawapita mabeki kana kwamba wamegongewa misumari. Tandika ya tatu. Wangekuwa mabingwa kama viongozi wangeacha kugombana. Kinondoni wana jezi mpya na kocha mvaa tai, basi nikawapa ya nne nisiwavunje moyo. Yombo ya tano. Ya mwisho, ya kushuka daraja, nikaiandika timu yetu wenyewe, Mikoroshini.

Najua unanicheka. Golikipa wa Mikoroshini ni mwanangu Fransis, tena ndiye tegemeo lao. Lakini mimi sipendi utabiri wa kubembelezana. Nimetazama mechi zote za kirafiki: kipindi cha kwanza hafungwi, ila kipindi cha pili, jua likishaegemea minazi, anafungwa mabao ya kitoto. Nikaandika kwa herufi kubwa, GOLIKIPA WAO MVIVU, JIONI ANACHOKA. Baraza zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Fransis aliisoma kesho yake akitoka kiwandani. Siku mbili hakula sinia moja na mimi, na ya tatu akaniambia, "Baba, mie sichoki. Jua likianza kuzama mpira unanipotea. Nasikia tu watu wanapiga kelele, najua nishafungwa." Kumbe ni mwaka wa pili sasa. Ametuficha mimi na mama yake Rosalia, asije akatolewa golini.

Tangu hapo situlii, kaka. Nimeharibu gogo zuri la mpingo, patasi inakwenda inakotaka. Nilikwenda kuibandua ile karatasi, Matar akanishika mkono: "Bwana Niko, ukitoa yako na mie natoa yangu. Mwaka jana si niliumbuka?" Nikamkaripia mbele ya wateja wake, mtu wa watu asiyejua lolote, kisha nikaona haya. Fransis hataki kwenda Muhimbili mpaka ligi iishe. Rosalia anasema tumwache acheze maadamu bado anaona. Mimi asubuhi nasema aende leo leo, mchana nasema acheze, jioni ikiingia namtazama anavyopapasa mlango na nashindwa hata kumwita.

Nisalimie shemeji Jovina, Felicitas na watoto wake, na Mjomba Fakihi kama bado ananidai utani wake. Nilitaka kufunga barua hapa, lakini sijauliza kitu kilichonikalisha kuandika.

Kaka, ulipokuwa na umri wa Fransis, kabla macho hayajakuishia, ulikuwa ukijikwaa kila tulipochelewa kurudi kutoka shambani. Sisi wadogo zako tulisema umelewa. Tulikutungia hata wimbo, na mtunzi ni mimi. Je, ndipo ilipoanzia? Tangu jioni ilipokupotea hadi mchana nao ukaondoka, ilipita miaka mingapi? Kulikuwa na dawa uliyoikosa kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka? Sijawahi kukuuliza. Mwanzo niliona aibu, baadaye nikazoea kukuona hivyo. Nisamehe, kaka. Niambie kweli yote, usinipunguzie kwa kunihurumia.

Mungu aongoze hatua zako huko ugenini, na amtazame huyu kijana wetu. Adelina, andika kila neno atakalosema baba yako, hata akikuambia usiliandike.

Mdogo wako akupendaye,
Nikodemu