Doa Kwenye Ngome ya Agra

Weston, Toronto
4 Machi 2024

Mdogo wangu Nasrudin,

Ya Ali Madad. Natumaini hapo Tanga mu wazima na goti lako limetulia. Mimi moyo umechoka. Daktari hanizungumzii tena habari za mwakani. Aleena ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu.

Jana binti yangu huyo alikunjua ile picha ya Baba, ngome ya Agra kule India aliyoichora ujanani kwa rangi za maji, karatasi nne zilizounganishwa hadi urefu wa kitanda. Kuta nyekundu, malango, mto, vyote vipo. Kulia, palipokuwa na mnara wa marumaru, pana doa. Akaniuliza kwa Kiingereza chake nani aliharibu. Nikajibu kama kawaida: "Mjomba wako, alipokuwa na miaka tisa." Chakula kikanishinda.

Si wewe, Nasru. Ni mimi. Tulikuwa tunasafisha nyumba kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya, Navroz. Mimi mwalimu mzima, miaka ishirini na miwili, nikaipangusa kwa kitambaa kibichi kama tulivyopangusa picha za harusi zenye vioo. Mnara wote ukateremka pamoja na wekundu wa ukuta. Baba alipoingia nikasema, "Nasru huyo."

Nisamehe kabla sijaondoka.

Dada yako,
Gulnar

Tanga
19 Machi 2024

Gulnar,

Mawla Ali Madad. Goti ni lile lile. Nimekaa na barua yako wiki mbili.

Shida ni kwamba nakumbuka nikifanya. Naviona vidole vyangu vyekundu. Baba alinikataza kugusa brashi zake mpaka anakufa, nami nikaona nimestahili. Na kila harusi inayotukutanisha, binamu Ramzanali hupaza sauti: "Ficheni picha, Bwana Mfutaji kaja!" Watu hucheka. Nami hucheka.

Usiniombe msamaha kwa karatasi. Waambie wao.

Nasrudin

Weston
2 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Ya Ali Madad. Sina nguvu ya kuandika mengi.

Vidole vyako vilikuwa vyekundu kweli. Nilikupa kitambaa ukakisuuze. Ulikimbia nacho kwa sababu nilikutuma.

Jumapili Aleena aliwaita ndugu wote wa huku. Walikuja kumi na wanne, Ramzanali na mkongojo wake. Nilipoanza, akasema, "Dada, ya zamani hayo, tule biriani." Nikamwambia, "Itapoa. Kaa." Nikasimama, Aleena amenishika, nikasema yote. Hakuna aliyecheka. Mpwa wetu Nazlin alichukua koti lake akatoka bila kuniaga.

Ramzanali ameomba namba yako. Akipiga, pokea. Mimi siombi kitu tena.

Dada yako,
Gulnar

Tanga
3 Aprili 2024

Dada,

Mawla Ali Madad. Umekula leo?

Ramzanali amepiga. Alianza, "Bwana Mfu...", akakatisha, akalia. Ikabidi nimbembeleze mimi, mzee mzima yule.

Unasema huombi kitu tena. Omba, Dada. Mwambie Aleena anipigie akupe simu, nisikie kwa sauti yako. Nimekaa hapa, simu iko mkononi.

Mdogo wako,
Nasru