Moto ya Mama Zawadi

Hapa Muheto

Mama yangu mupenzi, jambo sana! Mikono yangu ingali na udongo, lakini siwezi kungoja kukuelezea. Sisi vijana wa kanisa tumemaliza nyumba ya Mama Zawadi, ule mujane nyumba yake ilianguka na mvua. Tukamupa kiberiti awashe moto ya kwanza. Akakataa:

«Kiberiti haimujue bwana yangu. Moto yangu ya zamani njo ilimujua.»

Tangu nyumba ianguke, ile moto ilikuwa inatunzwa kwa jirani, ng'ambo ya kijito, na mvua ilikuwa inanyesha! Papa katekista, kiongozi wetu, akavuka kijito, akavua kofia yake mupya, ile anafutaka vumbi kila saa, akafunika nayo chungu ya makaa, akakimbia kwa matope. Kofia ikafika inatoka moshi kuliko chungu! Sasa iko na tundu, anaivaa vile vile na kiburi. Tukaimba mupaka maharagi ikaiva kwa ile moto.

Mungu akulinde, Mama. Usiache moto yetu izimike: siku nitapata nyumba yangu, nitakuya kuichukua kwako.

Binti yako, Neema