Bangili Iliyogeuka Nyekundu Kabla ya Umeme

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaikosa ndoa yangu. Mimi ni karani wa serikali hapa Musoma, nimesoma hadi sekondari, na nimemposa Justina wa Mugango, ambaye kwao kila bibi harusi huvaa bangili ya chuma ya marehemu bibi yao, na bangili hiyo ilikuwa imeshika kutu, basi nikamwambia nitaipaka shaba kwa umeme kama tulivyofundishwa shuleni katika somo la elektrolisisi, naye akaniletea. Nikanunua mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba ndani yake, dukani kwa Mzee Muharami, nikauyeyusha katika maji, nikaazima betri ya lori, nikafunga kipande cha shaba kwenye waya wa chanya, lakini nilipoichovya tu bangili, hata sijaunga waya wa hasi, ikageuka nyekundu mbele ya macho yangu! Nilishtuka sana, ila nikajikaza, nikaunga waya, ikang'aa, nikairudisha. Jumapili Justina akaivaa mbele ya ndugu, akaifuta vumbi kwa kitambaa, shaba yote ikabanduka, na mama yake akasema, "Chuma chetu hakikubaligi mtu mwongo. Kimemkataa huyu." Sasa ndoa imesimamishwa, nami kwa desturi yetu siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nikajieleza, na kibaya zaidi, mshauri, nilifaulu kemia, lakini nikikumbuka bangili ile ilivyogeuka bila umeme, naogopa huenda mama anasema kweli.

Kasmiri, Musoma

Ndugu Kasmiri,

Pumua. Hujakataliwa na chuma chochote. Barua yako ilipofika nilichovya msumari katika mrututu, nao ukawa mwekundu pale pale, wala haujaposwa na mtu.

Bila shaka ulikariri ule msururu wa metali: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, hadi zinki, chuma, shaba, fedha, dhahabu. Uliukariri kama kasuku. Maana yake ni hii: chuma kiko juu ya shaba, kwa hiyo kikiingia katika maji ya mrututu, chuma kidogo kinayeyuka, na shaba inafukuzwa majini na kukaa mahali pake. Umeme wa nini hapo? Betri ni ya kulazimisha lile ambalo metali hazifanyi zenyewe. Shaba iliyotangulia kwa pupa ilikuwa legelege kama masizi, na ile ya betri ikajipanga juu yake. Ndiyo maana zote mbili zikatoka kwa kitambaa.

Lakini nawe una lako. Umechukuaje kitu cha marehemu ukakifanyia majaribio bila kumwomba mama yake Justina? Misumari imekwisha Musoma?

Sasa usiende wewe. Mtume shangazi yako na mrututu ndani ya chupa, si katika sufuria ya mtu, maana ni sumu. Aanze kwa kukuombea radhi, asianze na kemia. Kisha mama mwenyewe atoe msumari wa nyumbani kwake, ambao mkono wako haujaugusa, auchovye mbele ya ndugu wale wale. Bangili isuguliwe kwa mchanga laini, ipakwe mafuta, Justina aivae ikiwa chuma kama walivyoivaa wenzake.

Na shangazi asiondoke Mugango bila tarehe ya harusi.