Ng'ombe wa Kassiani

Kasekese, 2 Agosti 2024

Mwanangu Ng'washi, mayu,

Mwangaluka. Habari za Karema, habari za kazi, wanafunzi wako wanakusikiliza? Sisi huku wazima wa mwili. Mama yako anakusalimia, kifua chake kimepoa. Usishangae kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kisimani nikichota maji ya ndama, na kisima chenyewe kikakauka siku chache baadaye. Nampa barua utingo wa gari la Karema, anasema anakufahamu.

Mwanangu, ng'ombe wamekwenda. Kisima kilipokauka walifuata harufu ya maji, na ng'ombe mwenye kiu hamsikilizi mtu. Waliingia hifadhini, mimi nyuma yao nikipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Askari wakawazunguka wakawaswaga wote. Hakubaki hata ndama wa kumliwaza mama yako.

Karatasi niliyopewa ni ya Kiingereza. Mimi darasa la saba nilimaliza, si mbumbumbu kabisa. Imeandikwa kwamba ng'ombe wamo ndani ya "pen". Sasa pen ninayoijua mimi ni hii ninayoandikia. Wamewaandika tu, au wamewafungia mahali? Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza, nisaidie, maana kumuuliza askari naona aibu.

Na humo wamo ng'ombe wa Kassiani, mvuvi wa hapo kwenu. Unajua tulivyopatana: yeye hajui kufuga, mimi sijui ziwa, akanipa mitamba yake nimtunzie. Maziwa yangu, ndama wake. Wakipotea wangu nitalia, kisha nitanyamaza. Wakipotea wake nitaitwa mwizi mpaka nizikwe. Jumatano nakwenda kutambua. Nijibu haraka.

Ni mimi baba yako,
Nyanda

—

Karema, 5 Agosti 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na mama pia shikamoo yake. Mimi sijambo. Poleni sana, baba. Poleni jamani.

Pen ya karatasi yako ni zizi. Wamewafungia. Hiyo na pen ya kuandikia si ndugu kabisa, ingawa zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa. Ya kuandikia ilianzia Kilatini, na maana yake ilikuwa unyoya, kwa sababu watu wa kale walichonga unyoya wa bata bukini wakachovya kwenye wino. Ya zizi ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani sana, na kabla ya hapo ilitoka wapi hata wao hawana hakika. Ipo na ya tatu, jina la jike la ndege mmoja mkubwa wa majini, na hiyo wasomi wameshindwa kabisa kusema imetoka wapi. Wanafunzi wangu wakichanganyikiwa huwaambia hivi: baba yangu ni Nyanda, na kijijini kwetu kuna Nyanda fundi baiskeli. Jina moja, kijiji kimoja, lakini ukiuliza asili, mmoja katoka Bariadi na mwingine katoka Kahama.

Sasa nisikilize, baba, nakuomba kwa magoti. Jumatano ukifika pale, sema wote ni wako. Wote! Usianze habari za Kassiani na mitamba yake. Wale watu hawana muda wa historia. Toka nao kwanza, mengine mtaongea wenyewe nyumbani. Nakujua mdomo wako, ndiyo maana naandika hivi.

Mwanao anayekuombea,
Ng'washi

—

Kasekese, 9 Agosti 2024

Mayu,

Mwangaluka tena. Umeamkaje huko ziwani? Huku tumeamka, basi.

Nilimsomea mama yako habari za pen. Alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki hii. Asante kwa hilo.

Jumatano nilikwenda. Ng'ombe mbavu nje, Ng'washi, wanalamba miti ya uzio. Bwana mmoja mwenye kofia akaniuliza, "Hawa wote ni wako?" Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, na ulimi ukagoma. Mwanangu, mimi nimekua nikijua kwamba ng'ombe uliyepewa kutunza humwiti wako, hata kwa utani, hata kwa mgeni asiyejua kitu. Siku unayotamka "wangu" ndiyo siku uliyoiba, hata kama hujamtoa zizini. Babu yako alimfukuza mdogo wake kwa neno hilo moja. Nikasema, "Hawa wangu, wale wa Kassiani wa Karema."

Basi. Wangu wakanipa, baada ya mahindi yote ya ghalani kugeuka faini. Wa Kassiani wamezuiwa. Wanasema mwenye mali aje mwenyewe atambue, mwisho tarehe kumi na sita, la sivyo hao hawana mwenyewe na watapigwa mnada. Tena wangu wengine hawakufika nyumbani. Waliangukia njiani, nikawaacha na mbwa mwitu.

Mtafute Kassiani. Mwambie aje usiku na mchana. Usinigombeze sasa, utanigombeza baadaye.

Baba yako mkaidi,
Nyanda

—

Karema, 12 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi siko sawa.

Nakugombeza sasa hivi! Neno moja tu, baba, "wangu", na wote wangelala nyumbani. Nani angekusikia? Kassiani mwenyewe angekushukuru!

Kassiani hayupo. Ziwa limefungwa tangu Mei ili samaki wazaliane, naye akaenda kuhangaika machimboni, hata mkewe hajui ni machimbo gani. Simu yake haipatikani. Nimekwenda kwa huyo mkewe, Josephina, nikamkuta anafuma nyavu. Nilipomwambia aliziachia zikaanguka. Alisema, "Mwalimu, ziwa likitukataa hao ndio uzee wetu. Hatuna kingine." Nililia naye pale pale chini.

Anakuja yeye na gari la leo, pamoja na barua hii. Lakini baba, huyu mama hajawahi kuwaona hao ng'ombe hata siku moja. Mfundishe njiani. Mwambie rangi, pembe, kila kitu.

Mwanao,
Ng'washi

—

Kasekese, 17 Agosti 2024

Ng'washi mwanangu,

Salamu zetu uzipokee. Mama yako amelala mchana, si kawaida yake.

Gari lenu lilikatika ekseli porini. Josephina alifika jana tarehe kumi na sita yenyewe, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akashukia mlangoni pa zizi moja kwa moja. Mimi nilikuwa nje ya uzio, wamenikataza kusogea. Barua yako nimeipokea mkononi mwake yote yakiwa yamekwisha.

Bwana wa kofia akamwambia, "Mama, onyesha wako." Humo walikuwemo na ng'ombe wa watu wengine waliokamatwa. Maskini akatazama, akatazama, akanyoosha kidole kwa dume jeusi lililonona kuliko wote. Mwenyewe alikuwa pale pale! Akaruka, "Mwizi wewe mama!" Watu wakaanza kuzomea. Josephina akavuta khanga akafunika uso.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga mluzi wangu, nikaita, "Karema! Dagaa! Mama Mvua!" Ndiyo majina niliyowapa, kwa ajili ya kwao. Mayu, walinyanyua vichwa wote kwa pamoja, wakaja mbio mpaka kwenye uzio, wakaanza kunilamba mikono kupitia kwenye miti. Nikasema moyoni, tumepona, nani sasa atabisha?

Bwana wa kofia akanijia juu. "Mzee, ng'ombe wanakujua wewe. Jumatano ile ulisema si wako. Leo umeleta mwanamke asiyewajua. Mnacheza na serikali?" Nikamweleza. Nikamweleza tena. Hata ningekuwa mimi ni yeye, nisingeamini.

Wameuzwa jana hiyo hiyo mchana. Karema aligeuka mara mbili kunitazama wakati anapandishwa kwenye lori. Josephina alikunywa maji akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Usinitafute kwa sasa, mwanangu. Kuna jambo nataka kulifanya kwa miguu yangu.

Baba yako,
Nyanda

—

Karema, 2 Septemba 2024

Baba, baba yangu,

Shikamoo. Uko wapi? Umefika salama? Mama anasema nini?

Nilikuwa darasani wanafunzi waliposema kuna ng'ombe ufukweni. Nikajua. Nilitoka mbio na chaki mkononi, nikakuta umeshaondoka. Umeswaga ng'ombe wako mpaka Karema kwa miguu, ukawaacha uani kwa Josephina, ukageuka bila hata kunipa mkono. Nilikugombeza kwa barua, ni kweli. Ndiyo unipite hivyo? Hujui nilivyolia.

Hapa ni vichekesho na msiba. Ng'ombe wamekula wavu, wamekanyaga dagaa walioanikwa, wamewatisha watoto. Kassiani karudi juzi baada ya ziwa kufunguliwa. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaniambia haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwalimu, mwandikie baba yako. Alisema wale si wake, wakati kusema hivyo kunamponza. Mtu wa namna hiyo nitamwachaje? Sina zizi, sina majani. Mimi nimepokea, ng'ombe ni wangu. Sasa aje awachukue anitunzie, maziwa yake, ndama wangu, kama zamani."

Nilimwomba akurudishie kabisa, angalau nusu. Akasema wewe mwenyewe hutakubali.

Njoo, baba. Safari hii pitia kwangu ule.

Mwanao,
Ng'washi

—

Kasekese, 12 Septemba 2024

Mayu,

Mwangaluka. Tumefika salama, wote. Samaki uliyenipikia nimemsimulia mama yako mpaka kaona wivu. Kifua chake kinakohoa tena, na ghala bado ni tupu, lakini leo tumekunywa maziwa.

Wamelala zizini kwao, kila mmoja mahali pake, hawajui kitu. Mkubwa wao, yule aliyezaliwa siku uliyoanza sekondari, asubuhi alinisukuma na kichwa kama kawaida yake. Nilitaka kumwita jina lake la siku zote, nikajizuia. Nimempa jina la Karema.

Wakija watu wa posa yako, wakauliza baba yako ana ng'ombe, waambie ukweli, mwanangu. Waambie hana.

Baba yako,
Nyanda